Majengo ya Mjini Unguja na Maisha ya Wenyeji Wake

Mji wa Unguja una pande mbili ambazo wenyeji hawazichanganyi: Mji Mkongwe, uliojengwa kwenye rasi ya magharibi ya kisiwa, na Ng'ambo iliyo mashariki yake. Zamani hori la maji ya bahari lilipita katikati, na daraja la kulivukia ndilo lililouachia mtaa wa Darajani jina lake. Hori limefukiwa kidogo kidogo na sasa ni barabara na viwanja, lakini kwa namna ya kujenga pande hizo mbili zingali mbali. Mgeni huanza kuonyeshwa majumba makubwa ya Forodhani, na yanastahili kutazamwa. Hata hivyo ustadi wa mafundi wa mji huu umo zaidi pale nyumba inapokutana na njia: mlangoni, barazani na ukumbini, mahali ambapo familia huamua nani aishie nje, nani aketi na nani apite ndani.

Sehemu kubwa ya Mji Mkongwe uliopo ni kazi ya karne ya 19, baada ya Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, kuhamishia makao yake Unguja kutoka Muscat, na utajiri wa karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watumwa kuanza kugeuzwa kuta. Vifaa vilikuwa vitatu: mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa kutokana na mawe hayohayo, na boriti za mikoko zilizoletwa kwa majahazi kutoka delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu. Boriti ndiyo iliyoamua umbo la chumba. Kwa kuwa boriti ya mkoko haipati urefu mkubwa, upana wa chumba haukuweza kuzidi mita tatu hivi, na aliyetaka nafasi aliongeza urefu. Hivyo vyumba vya mjini ni virefu na vyembamba, hata katika nyumba za matajiri. Boriti za namna hiyo zilisafirishwa pia hadi Oman na nchi za Ghuba, na vyumba vya kale vya huko vina wembamba uleule.

Nyumba ya Kiomani kwa nje haina la kujivunia isipokuwa mlango. Ukuta ni mnene, mweupe, na madirisha ya chini ni machache na yamewekwa juu ukutani. Mambo yote yako ndani, ambako vyumba vimezunguka ua ulio wazi kwa juu, unaoleta mwanga na upepo bila kuwaonyesha waliomo. Orofa ya chini ilikuwa ya stoo, watumishi na shughuli za biashara, na familia ilikaa juu. Wafanyabiashara kutoka Bara Hindi walikuja na mtindo tofauti. Nyumba zao zimeutazama mtaa: chini kuna duka lenye milango ya mbao inayokunjwa, juu wanaishi wenye duka, na mbele kumetokezwa roshani za mbao zilizotobolewa nakshi. Matajiri wa baadaye walichukua mawili hayo kwa pamoja, ndiyo maana nyumba nyingi za Kiponda, Hurumzi na Shangani hazitaki kuwekwa katika kundi moja.

Mlango ulikuwa kadi ya mwenye nyumba. Kwa kawaida ya ujenzi wa zamani, fremu ya mlango iliwekwa mapema na ukuta ukajengwa kuizunguka, na kadiri cheo cha mtu kilivyopanda ndivyo nakshi zilivyoongezeka. Milango ya awali ina kizingiti cha juu kilichonyooka; ile ya mwishoni mwa karne ya 19 imevaa tao la nusu duara lenye maua na majani, athari ya mafundi wa Kihindi. Kwenye miimo huchongwa minyororo, samaki, mitende na mayungiyungi, na juu mara nyingi huandikwa aya ya Kurani au mwaka wa Hijria. Katikati husimama mfaa, ubao ulionakshiwa unaofunika mahali mbao mbili zinapokutana. Misumari mikubwa ya shaba inasemekana asili yake ni India, ambako iliwazuia tembo wa vita wasisukume malango. Unguja hapajawahi kuwa na tembo wa kusukuma mlango wa mtu, lakini misumari ilipendwa ikabaki.

Anayefika mlangoni hupiga hodi, na adabu ya Kiislamu humtaka asizidishe mara tatu: asipoitikiwa karibu, aondoke. Akiwa mwanamume asiye jamaa, hakaribishwi moja kwa moja ndani. Humngoja mwenyeji barazani, ile benchi ya mawe na chokaa iliyojengwa pamoja na ukuta pande mbili za mlango. Baraza ni ya mwenye nyumba, lakini mpita njia akiikalia haulizwi. Hapo ndipo wanaume hukusanyika baada ya sala ya alasiri na ya isha, wakanywa kahawa chungu kwa vikombe vidogo, wakatafuna kashata au haluwa, wakacheza bao, karata na dhumna, na kupokezana habari ambazo redio haijazipata. Mvua za masika zikijaza njia maji, watu hupanda juu yake wakapita. Kukiwa na msiba, baraza za majirani zote huwa za wafiwa: wanaume hukaa nje pamoja na walioleta mkono wa pole, na wanawake hujaa ndani na uani. Mtaa mzima huwa ukumbi mmoja kwa siku hizo, na nyumba zilijengwa kwa namna inayoruhusu hilo.

Wanawake walikuwa na njia zao. Majumba ya kifalme ya Forodhani, Beit al-Sahel, Beit al-Hukm na Beit al-Ajaib, yaliunganishwa kwa madaraja ya juu ili wanawake wa nyumba ya sultani wapite bila kukanyaga njia. Katika mitaa ya kawaida kazi hiyo ilifanywa na vichochoro vya nyuma na milango ya uani, ambako jirani mwanamke huingia bila kupitia mbele za wanaume.

Katika majengo makubwa, la kwanza kutajwa ni Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultani Barghash bin Said mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe na mapokezi. Roshani zake pana zinazolizunguka jengo zimebebwa na nguzo za chuma, jambo lisilojulikana mjini hapo kabla, na baadaye ikawa ya kwanza kupata taa za umeme na lifti. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zilipiga eneo la kasri kwa muda usiofika saa moja. Beit al-Hukm iliharibika, mnara wa taa uliokuwa mbele ukaachwa gofu, na Beit al-Ajaib ikasalimika. Mnara wa saa ulio usoni pake uliongezwa baada ya hapo. Barghash huyohuyo ndiye aliyeuletea mji maji ya mifereji kutoka chemchemi zilizo upande wa kaskazini, na ndiye aliyejenga hamamu ya umma, ambayo mtaa wake unaitwa Hamamni hadi leo.

Zahanati ya zamani iliyo karibu na bandari ina hadhi nyingine. Ilianzishwa mwaka 1887 na Tharia Topan, tajiri wa Kiismaili. Mwenyewe alifariki kabla haijamalizika, na mjane wake akaikamilisha mwaka 1894. Roshani zake za mbao zilizochongwa kama darizi ni nzuri kuliko za kasri lolote mjini, ingawa wengi huipita wakikimbilia boti. Wakfu wa Aga Khan unaoshughulikia utamaduni uliikarabati miaka ya 1990.

Misikiti ya Mji Mkongwe ni mingi na mingi haina minara; Waislamu wa madhehebu ya Ibadhi hawakupenda mapambo katika nyumba ya ibada, na msikiti wao huweza kudhaniwa nyumba ya mtu hadi adhana isikike. Msikiti wa Malindi, wa Sunni, una mnara wa umbo la pia ambao ni nadra katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Mkunazini kuna Kanisa Kuu la Anglikana, lililoanza kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, mwaka uleule soko lilipofungwa. Msimamizi wake alikuwa Askofu Edward Steere, aliyeandika pia sarufi ya Kiswahili, na amezikwa nyuma ya altare. Husimuliwa kwamba nguzo fulani ndani ya kanisa zilisimamishwa kichwa chini wakati askofu hayupo, naye akaamua ziachwe.

Ng'ambo ilijengwa na watu wasio na uwezo wa mawe. Nyumba yake ni ya fito na udongo, ya umbo la mstatili, iliyoezekwa makuti na baadaye mabati. Mlango wa mbele unafungua ukumbi mrefu unaopenya hadi nyuma, vyumba viko kulia na kushoto, na mwisho kuna ua wenye jiko, choo na kivuli cha kufulia. Mbele haikosi baraza, walau ya udongo. Kwa muda mrefu mwenye nyumba hakuwa mwenye ardhi: alilipa kodi kwa mmiliki wa kiwanja, na mwaka 1928 wapangaji wa Ng'ambo waligoma kuilipa. Kwa hiyo watu walijenga kwa kitu wanachoweza kukibomoa na kukihamisha.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ya Abeid Amani Karume ilitaka kuufuta mpango huo. Kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, nyumba za udongo zilibomolewa na yakainuliwa majumba ya ghorofa, kwanza Kikwajuni na Kilimani, kisha Michenzani, ambako safu ndefu za saruji zimepangwa kando ya barabara mbili zinazokatana. Zilileta umeme, maji ya bomba na choo cha ndani kwa watu waliovikosa. Zilikosa ua na baraza. Maji yalipokuwa hayapandi ghorofa za juu, ndoo zilibebwa ngazini. Jeneza hushushwa ngazi hizohizo, na turubai la msiba husimikwa chini, barabarani. Wakaazi walirudisha wenyewe kilichoachwa na wachoraji: mabenchi chini ya majumba, meza za kahawa, ubao wa matangazo. Maskani ya Kisonge, iliyo hapo Michenzani, ni baraza ya siasa inayojulikana Unguja nzima, kama ilivyo Jaws Corner upande wa Mji Mkongwe.

Mji Mkongwe nao ulipoteza wenyewe wengi baada ya 1964. Nyumba zilizoachwa zilitaifishwa na kugawiwa wapangaji wa chumba kimoja kimoja, na nyingine ni wakfu, haziuziki. Mamlaka ya kuuhifadhi iliundwa mwaka 1985, na UNESCO ikauandika katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Adui wa kila siku ni maji na saruji: ukuta wa matumbawe huhitaji chokaa ili upumue, na ukipigwa lipu ya saruji unyevu hufungiwa ndani, boriti zikaoza. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka wakati wa ukarabati, watu wawili wakafa. Nyumba nyingi za Shangani zimegeuzwa hoteli. Milango yao imeng'arishwa kuliko zamani, na kwenye baraza zao sasa huwekwa mito ya kukaliwa na wageni wanaolipa.