Perege na kambale bwawa moja: nani aingie kwanza?

Makala ya leo naiandika nikiwa na deni, kwa hiyo nivumilie nianze na kisa.

Kuna mama mmoja hapa Terrat ana bwawa la mita 10 kwa 15, la karatasi nzito ya nailoni. Aliniita akiwa amechoka. Perege walijaa bwawa zima, lakini ukitia wavu unatoka na samaki wa kiganja cha mtoto. Miezi saba, gramu 40. Akaniambia, "Mwanangu, nalisha kila siku na hawa hawakui. Au ulinipa mbegu ya dagaa?" Nikamjibu kwa haraka, pikipiki hata sijaizima vizuri: "Mama, shida ni kuzaliana. Safari ijayo weka na kambale."

Basi. Sikusema lini, wangapi, wala wa ukubwa gani. Mama akauza mbuzi wawili, akatoa wale wadogo wote, akanunua vifaranga 450 vya perege na 60 vya kambale. Wote wakaingia siku moja. Baada ya miezi mitatu tulipopunguza maji tulikuta kambale 19 wanene kama mkono na perege hawafiki 80. Mama aliniangalia tu, kisha akasema, "Bwana shamba, mimi uliniletea fisi."

Alikuwa sahihi. Kambale ni fisi wa majini, na fisi ana kazi yake, ila humfungii zizi moja na ndama wachanga.

Tuanze na perege mwenyewe. Huyu tunayefuga zaidi, sato, anaanza kuzaa akiwa na miezi mitatu au minne tu. Maji yakiwa na joto zuri jike anaweza kurudia kila baada ya wiki nne hadi sita. Mayai anayaatamia mdomoni, na kipindi hicho hali kitu, kwa hiyo naye hakui. Watoto wakitoka wanagombea chakula na wazazi wao. Uliweka 450, baada ya miezi sita una maelfu, na pumba yako ni ile ile ya samaki 450. Hapo hata ungemwaga gunia zima la mashudu, unalisha umati usiouzika.

Wengine hukwepa hili kwa kununua vifaranga madume matupu. Ni njia nzuri kama una muuzaji wa kuaminika, lakini majike wachache wakipenya, wanatosha kukuharibia hesabu. Ndiyo maana kambale anakuja kama mfanyakazi wa pili: anakula vitoto vinavyozaliwa humo ndani, wewe unabaki na perege wale uliowaweka, wakikua. Na yeye mwenyewe hazaliani hovyo bwawani. Kwa asili husubiri mvua kubwa na mafuriko ndipo atage, na kwenye vituo vya vifaranga huchomwa homoni kwanza.

Sasa sikia kosa letu lilipokuwa. Kambale hatafuni samaki, anameza. Kwa hiyo swali la maana kuliko yote ni hili: mdomo wa kambale wako unapitisha nini leo? Ukiwaweka siku moja wakiwa saizi moja, kambale anakua haraka kuliko perege, na baada ya wiki chache perege wote ni chakula. Anza na perege peke yao. Subiri wafike gramu 30 hadi 40, ndipo ulete kambale wadogo wa gramu 5 hadi 10, wa urefu wa kidole. Kambale watakapokuwa wakubwa, perege naye atakuwa na mwili mpana na miiba ya mgongoni, hamezeki. Vitoto vinavyozaliwa hapo katikati ndivyo vitakavyoliwa.

Idadi: kwa bwawa lisilo na mashine ya hewa naweka perege 2 hadi 3 kwa kila mita moja ya mraba, na kambale 1 kwa perege 10. Bwawa la yule mama ni mita za mraba 150, kwa hiyo perege 450 na kambale 45 tu, tena wa saizi moja. Hilo la saizi moja msilidharau. Zile kambale 60 zilikuwa mchanganyiko wa vidogo na vikubwa, na kambale akipata mdogo wake anamla bila aibu. Ndiyo maana tulikuta 19. Ukipokea vifaranga mwaga kwenye beseni, chagua, anayezidi wenzake mrudishe kwa muuzaji hata kama atanuna.

Kuna watu wataniuliza, je, tusingeachia kambale wengi kidogo ili kazi iende haraka? Kumbukeni Ziwa Victoria. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametawala, aina nyingi sana za furu zikapotea au kubaki kidogo. Sangara alileta biashara, sikatai, lakini ziwa halina bomba la kutolea maji ukaanza upya. Wewe unalo, ila mbuzi wa kuuza wanaisha.

Nije kwenye mambo ya huku kwetu, maana vitabu vingi vimeandikwa kwa watu wa maeneo ya joto. Perege na kambale wote wanapenda maji ya nyuzi 26 hadi 30. Sisi tuko chini ya Mlima Meru, na mwezi wa sita na wa saba asubuhi unaweza kukuta maji yako chini ya nyuzi 20. Perege hapo anakula kwa kusuasua, na maji yakishuka kufikia 16 anaacha kabisa. Chakula unachomwaga kinazama na kuoza. Miezi hiyo punguza chakula, lisha saa 4 asubuhi jua likishapanda na saa 9 alasiri, na ukiona hawaji juu, acha. Zile "miezi sita unavuna" unazosikia, hapa jipe minane hadi kumi. Na usihesabu miezi ndipo ulete kambale, pima kwa mizani. Perege aliyeingia mwezi wa tano anaweza kufika wa nane bado hajafikisha gramu 30.

Halafu kuna maji yenyewe. Ukanda wetu una maji ya magadi, na floridi ile inayotupaka meno rangi ya kahawia. Perege anavumilia magadi kuliko samaki wengi, ila magadi yakiwa makali, amonia inayotoka kwenye kinyesi na chakula kilichooza inakuwa sumu zaidi. Kwa hiyo mwenye maji ya kisima cha namna hiyo asilishe kwa kukadiria.

Kitu kingine kinachochanganya wafugaji wa mchanganyiko ni samaki kuja juu. Kambale ana kiungo cha kuvuta hewa, kwa hiyo kumwona anapanda, anagusa uso wa maji na kushuka ni kawaida, usinipigie simu saa 11 alfajiri. Ila ukiona perege wamejipanga juu alfajiri wanatwetatweta, hiyo ni hatari: hewa imeisha majini. Ongeza maji mapya haraka na siku hiyo usilishe. Usimwangalie kambale kujua hali ya maji, yeye atakuwa mzima wakati perege wameshakufa.

Mvua za masika nazo zina vituko. Kambale anatambaa. Usiku wa mvua kubwa anaweza kupanda ukingo na kuondoka zake. Inua ukingo, zungushia wavu, na mdomo wa bomba la maji ya ziada uuzibe kwa wavu wa matundu madogo. Hilo la bomba si kwa faida yako tu. Sato akitoroka hadi Mto Themi anaelekea Kikuletwa na Nyumba ya Mungu, na huko Bonde la Pangani kuna perege wa asili ambao anazaliana nao na kuwamaliza kidogo kidogo.

Kijana mmoja wa Njiro aliniuliza kama anaweza kuweka perege na kambale kwenye tangi la kioo sebuleni. Kwa kutazama wiki mbili, sawa. Lakini perege dume akipata kona yake anapiga kila anayesogea, na kambale hatakaa mdogo kwa sababu tangi ni dogo. Swali la mdomo ni lile lile.

Tumerudi kwa mama mwezi uliopita. Safari hii tulikausha bwawa hadi mwisho, tukakuta kambale wawili wamejificha kwenye tope la pembeni. Wangebaki hao wawili tu, vifaranga vipya vingekuwa kiamsha kinywa. Perege 450 wameshaingia, wakiwa peke yao. Vifaranga nilivibeba mwenyewe na nusu ya gharama ni yangu, tumekubaliana hivyo. Jumamosi tunatia wavu na kupima thelathini. Wakiwa chini ya gramu 30, muuzaji wa kambale nitamwambia asubiri.