Gharama za Kiuchumi na Manufaa ya Kiusalama katika Kupambana na Ugaidi: Mfano wa Kampala

1. Utangulizi

Usiku wa tarehe 11 Julai 2010, wakati fainali ya Kombe la Dunia ikitazamwa katika Klabu ya Raga ya Kyadondo na katika mgahawa wa Ethiopian Village, Kabalagala, mabomu yaliua watu zaidi ya 70. Kundi la Al-Shabaab lilidai kuhusika, likieleza kuwa linalipiza kisasi kwa sababu ya majeshi ya Uganda yaliyokuwa Mogadishu tangu Machi 2007 chini ya ujumbe wa Umoja wa Afrika, AMISOM. Tangu hapo ulinzi umekuwa sehemu ya gharama za kuishi na kufanya biashara Kampala: askari wa kampuni binafsi kwenye malango ya maduka makubwa, upekuzi katika makanisa, misikiti na hoteli, vizuizi barabarani, kamera juu ya nguzo. Swali la kiasi gani cha ulinzi kinatosha limeulizwa mara chache kuliko linavyostahili. Makala haya yanaeleza namna swali hilo linavyoweza kuulizwa kwa utaratibu, na mahali ambapo hesabu inakwama.

2. Hasara ya ugaidi hupimwaje

Utafiti unaorejelewa zaidi katika uwanja huu ni ule wa Abadie na Gardeazabal wa mwaka 2003 kuhusu Nchi ya Basque, Uhispania. Kwa kulilinganisha eneo hilo na mchanganyiko wa mikoa mingine iliyofanana nalo kabla ya vurugu, watafiti hao walionyesha kuwa pato kwa kila mtu lilipungua kwa takriban asilimia 10 kuliko ambavyo lingekuwa. Matokeo hayo yalitokana na miongo ya mashambulizi ya mfululizo. Shambulio moja kubwa, au mawili yanayotengana kwa miaka kumi, huacha alama ya namna nyingine kabisa.

Uganda ni kielelezo kizuri. Wageni walioingia nchini mwaka 2010 walikuwa karibu 946,000. Mwaka 2011 walizidi 1,150,000. Kwa kipimo cha jumla hiyo, mabomu ya Kampala hayakuzuia ukuaji. Mshauri wa sera hapaswi kuharakisha kuhitimisha kwamba ugaidi hauna gharama, kwa kuwa sehemu kubwa ya wageni hao ni wafanyabiashara na jamaa wanaovuka mipaka ya nchi jirani, ambao hawafanyi uamuzi kwa kusoma tahadhari za balozi. Watalii wa mapumziko ni wepesi zaidi kukimbia. Pwani ya Kenya ilionja hali hiyo Mei 2014, kampuni za utalii za Uingereza zilipowaondoa wateja wao Mombasa baada ya serikali yao kutoa tahadhari. Uganda nayo iliguswa mahali hasa penye utalii wa aina hiyo tarehe 17 Oktoba 2023, watalii wawili na Mganda aliyewaongoza walipouawa ndani ya Hifadhi ya Malkia Elizabeth. Kwa hiyo takwimu ya jumla huficha nani anaumia: mwenye nyumba ya wageni Kasese na mwenye duka la jumla Kikuubo hawapati hasara ileile kutokana na tukio lilelile.

3. Hesabu ya kamera

Njia rahisi ya kupima kama hatua fulani ya ulinzi inastahili fedha zake ni kuuliza ingepaswa kuzuia nini ili irudishe gharama. Mueller na Stewart waliitumia kwa Marekani mwaka 2011. Matumizi ya ziada ya usalama wa ndani katika muongo uliofuata Septemba 2001 yalizidi dola trilioni moja, na waandishi hao walikadiria kuwa ili yahalalishwe yangepaswa kuzuia kila siku zaidi ya mashambulizi manne ya ukubwa wa lile lililoshindwa kufanikiwa katika uwanja wa Times Square, New York. Mtu anaweza kubishana na makadirio yao. Ni vigumu zaidi kubishana na swali lao.

Swali hilo likihamishiwa Kampala, mfano ulio wazi ni mradi wa kamera za ulinzi ulionunuliwa kutoka kampuni ya Huawei kwa dola milioni 126. Tuseme, kwa ajili ya kielelezo tu, kamera hizo zidumu miaka 10, na gharama za umeme, matengenezo na riba ziachwe kando. Gharama ya mwaka ni dola milioni 12.6. Tuseme pia shambulio la ukubwa wa lile la 2010 linagharimu taifa dola milioni 100, ukijumlisha uhai, matibabu, mali na biashara iliyopotea. Iwapo kamera hupunguza uwezekano wa shambulio kwa asilimia 10, mradi unarudisha gharama pale tu ambapo, bila kamera, Kampala ingeshambuliwa hivyo zaidi ya mara moja kila mwaka. Ufanisi ukipandishwa hadi asilimia 50, kizingiti hushuka hadi shambulio moja kila miaka minne hivi. Tangu 2010 jiji halijapata shambulio jingine la ukubwa huo.

Hesabu hii ina udhaifu wa aina tatu, na kila mmoja unavuta upande wake. Kwanza, thamani ya dola milioni 100 imebebwa kwa kiasi kikubwa na bei iliyowekwa juu ya uhai. Mashirika ya serikali ya Marekani hutumia mamilioni kadhaa ya dola kwa uhai mmoja. Mbinu ya kukokotoa mapato ambayo marehemu angeyapata huko mbeleni, ikitumiwa Uganda, hutoa tarakimu ndogo mno. Mbinu hiyo ya pili humfanya mchuuzi wa Kabalagala aonekane hastahili kulindwa, na kwa sababu hiyo peke yake inafaa kutiliwa shaka. Pili, kutotokea kwa shambulio kunaweza kuwa tunda la ulinzi wenyewe. Tatu, kamera hazikununuliwa kwa ajili ya ugaidi pekee. Msukumo wake mkubwa ulitokana na mfululizo wa mauaji ya watu mashuhuri, likiwemo la afisa wa polisi Andrew Felix Kaweesi, Machi 2017. Kuubebesha ugaidi gharama yote ni kosa la uhasibu. Na kuihesabia kamera kila mwizi wa pikipiki aliyekamatwa kuwa ushindi dhidi ya ugaidi ni kosa hilohilo limegeuzwa.

Tarehe 16 Novemba 2021, kamera zikiwa tayari mahali pake, milipuko miwili ya kujitoa mhanga ilitokea karibu na Kituo Kikuu cha Polisi na kwenye barabara ya Bunge. Kamera zilinasa picha, hazikuzuia kitu. Mtu aliyekwisha kukubali kufa haogopi kutambuliwa. Manufaa ya kamera yako katika upelelezi wa baadaye, katika kuufuata mnyororo wa walioandaa na waliofadhili, na hayo ni manufaa ya kweli ingawa si yale yaliyotangazwa kwa umma. Kinyume chake, jaribio la Septemba 2023 katika kanisa la Miracle Centre, Rubaga, lilizuiwa kwa sababu mshukiwa alikuwa ameshafuatiliwa, kama polisi walivyoeleza.

4. Nani analipa, na nani analindwa

Vita vya Somalia na operesheni ya Kongo hutajwa pamoja katika hotuba, lakini kwa mhasibu ni vitu viwili tofauti. Posho za wanajeshi wa AMISOM zililipwa na Umoja wa Ulaya: dola 1,028 kwa mwezi kwa kila askari, kabla ya nchi zilizotuma majeshi kukata takriban dola 200. Ulaya ilipopunguza mchango wake kwa asilimia 20 mwaka 2016, nchi hizo zililalamika kwa nguvu. Uganda ilibeba gharama isiyolipika kwa posho. Katika kambi ya Bulo Marer, tarehe 26 Mei 2023, wanajeshi wake 54 waliuawa, kwa mujibu wa Rais Museveni mwenyewe. Kwa upande wa manufaa, shambulio la Kyadondo lilikuwa malipo ya kuwepo Mogadishu. Mtetezi wa sera atasema kuwa kundi lililoachwa litawale Somalia lingekuwa tishio kubwa zaidi kwa Kampala. Hoja hiyo inaweza kuwa sahihi, ila haipimiki kwa data ya Kampala peke yake.

Operesheni Shujaa, iliyoanza tarehe 30 Novemba 2021 kwa ushirikiano na jeshi la Kongo dhidi ya waasi wa ADF, imeegemea hazina ya Uganda. Baada ya kuanza kwake, Kampala haijashuhudia tena shambulio kama la Novemba 2021. Hata tarehe 3 Juni 2025, Siku ya Mashahidi, washukiwa wawili waliokuwa na vilipuzi waliuawa Munyonyo kabla ya kufika kwa umati. Hayo yaandikwe upande wa faida. Lakini ADF iliyopigwa kambi zake iligawanyika katika makundi madogo na kusambaa, na raia wa Beni, Mambasa na Lubero wameendelea kuchinjwa. Tarehe 16 Juni 2023 kundi hilo lilivuka mpaka na kuua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi, katika shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe. Enders na Sandler walishaonyesha mwaka 1993 kuwa mitambo ya kukagua abiria ilipunguza utekaji wa ndege na kuongeza utekaji wa watu kwa njia nyingine. Shabaha ikizibwa hapa, mshambuliaji hutafuta pale palipo wazi. Ripoti inayopima usalama wa Kampala na kuuacha nje ya jedwali ule wa Mpondwe, au wa Beni, itaonyesha faida daima.

5. Gharama zisizoandikwa

Gharama moja haina risiti: imani ya raia kwa vyombo vya dola. Taarifa za mapema hutoka kwa majirani, viongozi wa mitaa na waumini. Msikiti wa Nakasero ulipovamiwa na polisi Desemba 2016, na washukiwa walipouawa kabla ya kufikishwa mahakamani katika misako ya Novemba 2021, chanzo hichohicho cha taarifa ndicho kilichotiwa hofu. (Kwa muda mrefu Kiswahili chenyewe kilisikika na wakazi wengi wa Kampala kama lugha ya vizuizi vya barabarani, jambo ambalo wanaokieneza Uganda wanalijua vyema.) Kamera nazo zilitumiwa kuwatambua walioshiriki maandamano ya Novemba 2020. Mwishoni mwa mwaka huohuo akaunti za mashirika mawili ya kiraia zilifungwa kwa tuhuma za kufadhili ugaidi, kisha zikafunguliwa Februari 2021.

Dhidi ya hayo iwekwe kesi ya mabomu ya 2010. Ilichukua karibu miaka sita, na mwendesha mashtaka wake, Joan Kagezi, aliuawa kwa risasi Machi 2015 kesi ikiendelea. Hata hivyo Mei 2016 Mahakama Kuu iliwatia hatiani baadhi ya washtakiwa na kuwaachia wengine. Kwa kulinganisha na vifaru na mitambo, mahakama ni nafuu, na hukumu yake hukubalika hata na wasioipenda serikali.

6. Tatizo la vitabu vilivyofungwa

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2015 inaruhusu matumizi ya siri kwa ulinzi na usalama wa taifa, yanayoonwa na wabunge wachache tu. Siri ina sababu zake. Inapofunika pia bei ya magari, majengo na mishahara, hakuna ulinganisho wa aina iliyoelezwa hapo juu unaoweza kufanywa na mtu wa nje. Lisilohatarisha operesheni yoyote ni kutangaza jumla ya matumizi kwa kila eneo la mapambano, pamoja na kigezo kilichowekwa mapema cha kuamua lini operesheni imetimiza lengo.

Ugumu wa kuainisha unabaki hata vitabu vikifunguliwa. Juni 2021 Marais Museveni na Tshisekedi walizindua pale Mpondwe ujenzi wa barabara za kilomita 223 ndani ya Kongo, ikiwemo ile ya kutoka Kasindi hadi Beni, kwa makadirio ya dola milioni 334.5. Barabara hiyohiyo hupitisha lori la saruji kwenda sokoni na gari la jeshi kwenda msituni. Miezi minane baadaye Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya uvamizi wa mwaka 1998 hadi 2003, uvamizi ambao wakati wake ulitetewa kwa haja ya kuwazuia waasi wa ADF. Awamu ya kwanza ya malipo hayo, dola milioni 65, ilitolewa mwaka 2022, zaidi ya miaka ishirini baada ya uamuzi wa kuvuka mpaka kufanywa bila makadirio yoyote ya bei hiyo.