Joto Lililojificha Ziwani

Mtu asimamaye ufukweni Matema alfajiri, Milima ya Livingstone ikiwa mashariki yake, huyaona maji yale yale aliyoyaona babu yake. Mitumbwi inarudi na taa zake, usipa unamwagwa, wachuuzi wanapatana bei. Hapana dalili ya maradhi. Na hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa badiliko tunalotaka kulizungumzia leo halionekani kutoka ufukweni.

Msomaji wetu wa Pemba au Mafia huenda akauliza Kyela inamhusu nini. Inamhusu sana. Mwaka 1998, Bahari ya Hindi ilipopata joto lisilo la kawaida, matumbawe ya Misali na ya Mafia yaligeuka meupe na mengi yakafa. Kina mama wa Unguja, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989, nao wameushuhudia mwani aina ya kotoni, wenye bei nzuri kuliko mwingine, ukioza mashambani maji yanapozidi joto. Watu wa visiwani, basi, hawahitaji kuhubiriwa habari za joto. Tofauti ni kwamba bahari iliwaonyesha jeraha lake, ilhali ziwa hulificha.

Ziwa Nyasa lina kina cha mita 700 hivi, lakini chini ya mita 250 hivi maji yake hayana oksijeni, wala samaki haishi huko. Hata hivyo huko gizani ndiko kwenye ghala. Kila kiumbe kifacho juu huzama, huoza, na kuwa mbolea. Mbolea hiyo haina faida mpaka ipandishwe palipo na mwanga, na mpandishaji wake ni upepo wa kusi, ambao majirani zetu wa Malawi huuita mwera, uvumao kwa nguvu kati ya Mei na Agosti. Upepo huo huyapoza maji ya juu na kuyakoroga. Mimea midogo isiyoonekana kwa macho huipata mbolea ikastawi. Vijidudu huila mimea hiyo. Usipa huvila vijidudu. Na mwananchi wa Mbugani au Ipinda akapata kitoweo cha kulia wali wake wa Kyela.

Maji yenye joto ni mepesi. Tabaka la juu likizidi kupata joto, huelea juu ya lile la chini mithili ya mafuta juu ya maji, na upepo ule ule wa zamani hushindwa kulikoroga ipasavyo. Vipimo vya Ziwa Nyasa vilivyolinganishwa tangu mwaka 1939 hadi mwisho wa karne iliyopita, vikachapishwa mwaka 2005, vilionyesha kuwa hata maji ya kina kirefu yameongezeka joto kwa takriban nyuzi 0.7. Asiyejua atacheka kusikia sehemu ya nyuzi moja. Lakini katika ziwa ambalo chini na juu hutofautiana kwa nyuzi chache tu, hilo si jambo la kuchekwa.

Matokeo yake tumekwisha kuyaona kwa ndugu yake, Ziwa Tanganyika. Wataalamu walikadiria mwaka 2003 kwamba uzalishaji wa mimea ile midogo ulikuwa umepungua kwa asilimia 20 hivi, upungufu uwezao kumaanisha samaki pungufu kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 2016 wengine walichunguza tope la chini ya ziwa hilo, wakakuta kuwa mabaki ya samaki yalianza kupungua kabla uvuvi mkubwa wa biashara haujaanza.

Twasema haya kwa sababu samaki wapunguapo, ofisi zetu zimezoea kumtazama mtu mmoja tu, yaani mvuvi. Hatumtetei anayevuta kokoro au anayetega chandarua; huyo anaharibu, na sheria imfuate. Lakini Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa miezi mitatu mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, mzigo wa siku hizo ulimwangukia mvuvi na mchuuzi. Nyasa ikija kupumzishwa vivyo hivyo, mwananchi anastahili kuelezwa ni kiasi gani cha upungufu kimetoka wavuni mwake na kiasi gani kimetoka juani, na kupewa njia ya kuishi katika miezi hiyo.

Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi ina kituo Kyela. Kituo hicho kipewe boti, mafuta na vipimo, ili joto la maji lipimwe kila mwezi, mita kwa mita, likaandikwe kando ya idadi ya samaki walioletwa mwaloni. Na hesabu hiyo isomwe hadharani kwa wavuvi wenyewe, isiishie kwenye majalada ya Dodoma. Mbasa naye, apandaye mitoni kutaga wakati wa mvua, asiongezewe taabu juu ya taabu: midomo ya Mbaka, Kiwira na Lufilyo ifungwe kwa nyavu katika majuma hayo. Hilo halingoji chombo wala mtaalamu kutoka mbali. Mvua za masika zinakuja, na halmashauri inaweza kulipitisha kabla hazijaanza.