Namba Tatu za Kukubaliana na Fundi Kabla ya Kulipia Programu ya Simu

Mwenye nyumba ya wageni Raskazone, Tanga, anataka programu ya simu ya kupokea oda za vyumba. Mchuuzi wa samaki pale Deep Sea anataka ya kutangaza bei kila alfajiri. Fundi atawauliza kuhusu rangi, nembo na namna ya kupokea malipo. Mara nyingi hatawauliza kuhusu namba tatu anazoziandika kwenye faili la ujenzi: compileSdk, targetSdk na minSdk. Namba hizo ndizo zinazoamua nani ataweza kuipakua programu, na baada ya muda gani mwenye nayo atarudi kulipa tena.

Kila toleo la Android lina namba ya ngazi. Android 5.0 ni 21, 6.0 ni 23, 7.0 ni 24, 8.0 ni 26, na Android 15 ni 35. compileSdk ni ngazi anayoitumia fundi wakati wa kujenga, na mtumiaji haimgusi. targetSdk inaiambia simu kwamba programu imeandaliwa kufuata masharti ya toleo fulani. minSdk inaweka kiwango cha chini: simu yenye toleo la chini ya hapo haiwezi kuisakinisha. Sharti lake ni kwamba minSdk isiizidi targetSdk, na targetSdk isiizidi compileSdk.

Kwenye targetSdk huna uchaguzi mkubwa, maana Google ndiyo inayoamua. Tangu 31 Agosti 2024 programu mpya na masasisho yalitakiwa kulenga 34. Tangu 31 Agosti 2025 ni 35. Kwa hiyo fundi anayekupa bei ya chini kwa sababu ana kiolezo cha zamani kinacholenga 30 anakuuzia kitu ambacho duka la Google Play litakikataa. Na kukipandisha kutoka 30 hadi 35 si kubadili tarakimu tu. Kuanzia 31, kila sehemu ya programu inayopokea wito kutoka nje lazima itangazwe waziwazi kama iko wazi kwa programu nyingine au la. Kuanzia 33, lazima uombe ruhusa ya kutuma arifa, na programu ya bei za samaki bila arifa haina faida. Kuanzia 34, kazi inayoendelea wakati skrini imefungwa lazima itaje aina yake. Kuanzia 35, ukurasa hutandazwa mpaka kingo za skrini, na vitufe visivyopangwa upya hufunikwa na vile vya simu. Hizo ni siku za kazi, na zinalipiwa. Bei ya mwanzo ilikuwa rahisi, lakini jumla yake inakuwa ghali.

Wengine husema watalikwepa duka na kutumiana faili kwa WhatsApp. Njia hiyo nayo inazidi kubana: Android 14 haisakinishi programu inayolenga chini ya 23, na Android 15 haisakinishi inayolenga chini ya 24.

compileSdk gharama yake iko kwenye kompyuta ya fundi. Kujenga kwa 35 kunataka Android Gradle Plugin 8.6 au zaidi, nayo inataka Gradle 8.7 na Java 17. Ukienda 36, unahitaji Plugin hiyo ya 8.9.1 na Gradle 8.11.1. Kompyuta yenye RAM ya GB 8 itajikongoja, na kupakua vifaa vyote upya hula gigabaiti kadhaa za bando. Kama fundi wako anatumia bando la simu, msikimbilie 36 leo bila sababu. 35 inatosha kwa sharti la Agosti 2025. Mpe nafasi ya kupanda mara moja kwa mwaka, kabla ya Agosti, kazi zote kwa pamoja.

Sasa tuje kwenye minSdk, maana hapa ndipo penye uchaguzi wa kweli. Simu nyingi za bei ya chini zilizouzwa mwaka 2016 na 2017 zilitoka na Android 6 au 7. Zipo mpaka leo, zinapita kwa mafundi wa Ngamiani, zinabadilishwa betri na kurudi kazini. Anayeweka 29 kwa sababu inamrahisishia kazi anamfungia nje mvuvi yule yule ambaye programu ilitengenezwa kwa ajili yake. Huo naona ni uzembe, hata kama msimbo ni msafi.

Lakini kushuka mpaka 21 nako kuna bei. Maktaba za AndroidX zilianza kuiacha 21 mwaka 2025 na kuhamia 23. Zana ya kujengea programu ya React Native tangu toleo la 0.76 inaanzia 24, na ya Flutter tangu 3.35 vilevile. Ukitaka 21, unabaki na maktaba za zamani ambazo hazitapata marekebisho, kisha targetSdk ya mwaka ujao itakulazimisha kuziacha.

Kuna gharama nyingine ambayo wateja hawaambiwi. Tovuti na seva nyingi ndogo hutumia vyeti vya usalama vya bure vya Let's Encrypt. Simu zenye Android ya chini ya 7.1.1 hazikitambui cheti chake cha msingi, na daraja la muda lililokuwa likizisaidia lilikwisha 30 Septemba 2024. Programu itasakinishwa vizuri, itafunguka, halafu itashindwa kuwasiliana na seva, na mtumiaji atadhani bando limekwisha. Kwa 24 kwenda juu tiba yake ni nyepesi: unakifungasha cheti ndani ya programu na kuandika mistari michache kwenye faili la usalama wa mtandao. Chini ya 24 faili hilo halisomwi. Fundi lazima aandike msimbo wa ziada, na aupime.

Ukipanda mpaka 26 unapata nafuu kidogo: tarehe na saa za Java hufanya kazi bila nyongeza, na arifa hupangwa kwa njia moja kwa simu zote. Nafuu hiyo ni ya fundi. Kwa programu ya hoteli ambayo wageni wake wana simu mpya, ichukue. Kwa programu ya wavuvi, haitoshi kuhalalisha kuwaacha wenye Android 7.

Kabla ya kuamua, nenda Deep Sea au Sahare asubuhi boti zinaporudi, uombe watu wakuonyeshe kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, toleo la Android. Kazi hii haina gharama, na itakusaidia kuliko takwimu za dunia nzima.

Ada ya kujiandikisha Google Play ni dola 25, mara moja tu. Apple ni dola 99 kila mwaka, na ujenzi wake unataka kompyuta ya Mac. Mwenye bajeti ndogo aiache kwanza. Akaunti binafsi ya Google iliyofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023 inadaiwa pia wajaribu 12 kwa siku 14 mfululizo. Wachague wenye simu kuukuu, wasiwe marafiki wa ofisini tu.

Ushauri wangu kwa programu ya umma wa pwani ya Tanga: minSdk 24, targetSdk 35, compileSdk 35, na cheti cha msingi kifungashwe ndani. Ziandikwe kwenye mkataba, pamoja na bei ya kuipandisha targetSdk kila mwaka na jina la mwenye akaunti ya duka. Akaunti hiyo iwe yako wewe unayelipa, si ya fundi.