Kubadili jina la hifadhidata: faili hazisogei hata kidogo

Ulianza utafiti ukaipa hifadhidata jina "jaribio". Sasa imebeba vipimo vya mvua vya miaka 3 na unaona aibu kumwonyesha msimamizi wako. Usijali. Kwenye PostgreSQL ni mstari mmoja tu:

ALTER DATABASE jaribio RENAME TO mvua;

Inaisha papo hapo, hata data ikiwa gigabaiti 200. Kwa nini? Kwa sababu ndani kwa ndani mfumo hautumii jina lako. Kila hifadhidata ina namba yake, na folda yake kwenye diski inaitwa kwa namba hiyo. Jina limeandikwa kwenye jedwali la mfumo, pg_database, na ndilo pekee linalobadilika.

Ila huwezi kubadili jina la hifadhidata uliyomo. Ingia kwanza kwenye nyingine, mfano ile ya postgres. Na kama mwenzako ameunganishwa nayo, amri inagoma. Mwombe atoke, usimkate katikati ya kazi bwana!

Hatari yenyewe iko nje: skripti ya usiku ya kutunza nakala bado inaita "jaribio". Yangu ilifeli kimyakimya wiki 2 nzima kabla sijafungua logi.