Kofia Ije Kabla ya Mtoto

Kwetu vijijini zawadi za mtoto huletwa siku ya ubatizo: blanketi, soksi, kofia nzuri ya sufu. Asanteni, lakini kofia hiyo imechelewa.

Mtoto huzaliwa na mwili wa majimaji, tena kichwa chake ni kikubwa kwa kadiri ya mwili wake. Joto hupotea hapo upesi. Lisishuke chini ya digrii 36.5. Mwenye uzito chini ya kilo 2.5 ndiye wa kuhofiwa zaidi. Akiisha kukaushwa avikwe kofia, alazwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, na blanketi liwafunike wote wawili.

Wengine husema kuandaa nguo mapema ni uchuro. Mimi ndimi niandikaye kitabu cha ubatizo hapa parokiani. Yamo majina ya watoto waliobatizwa usiku, katika hatari ya kufa. Sijaona hata mmoja aliyedhuriwa na kofia.

Basi, akina mama, fumeni sasa. Spoki mbili za baiskeli, zikisuguliwa ncha, zafaa kuwa sindano. Uzi uwe laini, na kofia isiwe na kamba za kufunga shingoni. Ifueni, kisha mpeni mjamzito aitie katika mfuko wake wa kwendea hospitali.