Anayetangulia Kusema: Hesabu ya Dau la Mwisho

Mkulima wa Bugwema, wilayani Musoma, anapomfikia mnunuzi wa mahindi, huenda akakabiliwa na swali fupi: "Unauza bei gani?" Mkulima hutakiwa kutamka neno lake kabla hajajua mwenziwe ameficha nini; mnunuzi husikia kwanza, kisha huamua. Je, anayetangulia kusema hupata hasara? Na kama ndivyo, hasara hiyo yaweza kupimwa?

Wanahisabati wamelichunguza swali hili kwa msaada wa mchezo wa karata uitwao poka. Katika bao, kete zote zi wazi mbele ya wachezaji; kinachofichika ni nia tu. Katika poka, kila mchezaji huficha karata zake na kuweka dau kwa zamu. Mwaka 1928 John von Neumann alithibitisha kwamba, katika michezo ya watu wawili ambamo faida ya mmoja ni hasara ya mwingine, kila mchezaji anao mwenendo bora unaomhakikishia wastani fulani wa matokeo. Mwaka 1950 Harold Kuhn, mwanahisabati wa Marekani, alieleza poka ndogo sana ambayo yaweza kuchezwa darasani kwa vipande vitatu vya karatasi na punje za mahindi.

Vipande huandikwa 1, 2 na 3. Kila mchezaji huweka punje 1 katikati, kisha huchukua kipande kimoja kwa siri. Cha tatu hubaki kimefunikwa. Wa kwanza aweza kuongeza dau la punje 1, au kupisha. Akiongeza, wa pili ama hulipa punje 1 ili vipande vifunuliwe, ama hujitoa na kupoteza aliyoweka. Wa kwanza akipisha, wa pili naye aweza kupisha, na vipande vikafunuliwa. Au aweza kuongeza dau, na wa kwanza akachagua kulipa au kujitoa. Mwenye namba kubwa hushinda.

Hebu tumtazame wa kwanza. Akiwa na 2, haimfai kuongeza dau: mwenye 1 atajitoa, na mwenye 3 atalipa na kumshinda. Kwa hiyo hupisha. Akiwa na 3, aweza kuongeza dau. Lakini kama huongeza anapokuwa na 3 tu, mpinzani mwenye 2 atautambua mwenendo huo na kujitoa kila mara, na ile 3 haitaleta punje ya ziada. Hivyo hana budi mara nyingine kuongeza dau kwa hila, akiwa na 1.

Hila hiyo ina kipimo chake. Mpinzani mwenye 2 hulipa punje 1 ili apate punje 3 zilizo katikati. Ikiwa katika kila madau 4 moja tu ni la hila, atapata 3 mara moja na kupoteza 1 mara tatu. Kulipa na kujitoa kutakuwa sawa kwake, na hatakuwa na njia ya kumnyonya mwenziwe. Kwa hiyo wa kwanza aweza kuongeza dau daima akiwa na 3, na mara 1 katika kila 3 akiwa na 1. Akiwa na 2 amepisha, kisha akawekewa dau, alipe mara 2 katika kila 3. Mara hizo zichaguliwe kwa bahati, kama kwa kurusha dadu, zisije zikatabirika.

Hata hivyo, wachezaji wote wawili wakicheza kwa ubora, wa kwanza hupoteza kwa wastani 1/18 ya punje kila mchezo. Katika michezo 180, hiyo ni kama punje 10. La kushangaza ni kwamba aweza pia kupisha daima, akalipa dau kila awapo na 3, mara 1 katika kila 3 awapo na 2, na kujitoa awapo na 1. Wastani utabaki ule ule. Busara huizuia hasara isikue, lakini haiifuti. Hiyo ndiyo bei ya kusema kabla ya kusikia.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza kwamba kwa kompyuta wamefumbua aina moja ya poka kamili ya watu wawili. Humo pia faida ni ya mgawaji, ambaye husema mwisho katika duru za baadaye. Ndiyo sababu wachezaji hubadilishana nafasi hiyo.

Biashara ya mahindi si poka, kwani mkulima na mnunuzi wote waweza kunufaika. Lakini somo la msingi lahusu pande zote mbili: udhaifu wa anayetangulia hautokani na uoga, bali na upungufu wa habari. Mkulima aliyekwisha kuulizia bei Musoma na Bunda kabla ya kutamka yake, amekwisha kuipunguza bei hiyo ya kutangulia.